Oda zikiongezeka mara mbili, utafurahi au utaogopa?

Mtu akiniuliza kama bei yake iko sawa, mimi siombi kwanza kuona mahesabu yake, namuuliza swali moja tu: wiki ijayo oda zikija mara mbili ya hizi unazopata sasa hivi, utafurahi au tumbo litakuuma? Wengi wanacheka, halafu wananyamaza, halafu wanasema ukweli kwamba wataogopa. Wanajua kabisa oda zikiongezeka ni kukesha, ni kukopa hela ya malighafi, ni kununiana na watu nyumbani, na mwezi ukiisha wakipiga hesabu kilichobaki ni kilekile au hata pungufu. Biashara inatembea lakini hela haionekani. Sasa biashara ambayo ikikua inamtisha mwenyewe ina kasoro mahali, na mara nyingi kasoro yenyewe imekaa kwenye bei, haiko kwenye bidii wala kwenye matangazo wala kwenye bahati.

Mi nashona mabegi kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko, ila hesabu ni ileile kwa anayepiga picha, anayetengeneza sabuni, anayerekebisha simu au anayefundisha watoto jioni. Na namba nitakazotaja zisome kama namba tu, weka hapo pesa yoyote unayotumia wewe.

Bei za wengi wetu zimezaliwa kwa kuchungulia. Unaangalia fulani anauzaje, unashusha kidogo ili wewe uonekane nafuu, basi, umeshapanga bei. Shida ni kwamba unaona bei yake tu, daftari lake hulioni. Hujui kama anafanyia kazi sehemu asiyolipa pango, kama ana mshahara kwingine na hii ni ya kujishikiza jioni, kama alichukua mzigo mkubwa kwa bei ya jumla ambayo wewe huipati, au kama na yeye anakula mtaji taratibu na baada ya miezi sita atafunga. Na kibaya zaidi inawezekana kabisa yeye bei yake aliipata kwa kuchungulia kwako! Mnafuatana kushuka, kila mmoja anadhani mwenzake kapiga hesabu, kumbe hamna aliyepiga.

Sisemi usiangalie soko, liangalie tena vizuri, lakini soko linakuambia mteja yuko tayari kufika wapi, haliwezi kukuambia wewe unapona kuanzia wapi. Hilo la pili liko kwenye daftari lako tu, na wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari.

Haya, daftari. Kitambaa, zipu, uzi, bitana, hizo kila mtu anazihesabu. Zinazosahaulika ni ndogondogo: kipande kilichokatwa vibaya, sindano zinazovunjika, mfuko wa kufungashia, makato ya kupokea malipo kwa simu au kadi, nauli ya kufuata mzigo, bando la kuposti picha na kujibu wateja, begi lililorudishwa kwa sababu zipu imegoma ukalirekebisha bure. Ukiiangalia moja moja unaona aah, hii ndogo, naiacha. Mimi naziingiza zote kwenye begi hata kwa makadirio, maana makadirio yenye kosa kidogo ni bora kuliko sifuri, na sifuri ndiyo namba ambayo watu wanaiandika kila siku bila kujua wanaiandika. Mashine nayo hivyohivyo. Ukinunua mashine kwa 600 na ukakadiria itashona mabegi 1,200 kabla haijaanza kubembelezwa, basi kila begi limekula nusu ya 1. Inaonekana ujinga kuandika 0.5 kwenye daftari la mtu mzima, ila siku mashine inakufa na hukuwahi kuitenga hiyo nusu, utanunua nyingine kwa hela ya kitambaa, na hapo ndio unaanza kukimbizana na mtaji wako mwenyewe.

Halafu kuna gharama ambazo hazijali kama umeuza au hujauza. Pango, umeme, leseni, kodi, matengenezo. Josiah Wedgwood, yule mtengeneza vyombo wa udongo wa Uingereza aliyekuwa akimuuzia mpaka malkia, mwaka 1772 biashara ilipoyumba kwa msukosuko wa mikopo alikaa chini akapiga hesabu ya kila chombo kinamgharimu nini. Kati ya aliyoyaona ni kwamba kuna gharama zinatembea kama saa, utengeneze vyombo vingi au vichache zenyewe ni zilezile, kwa hiyo ukitengeneza vichache kila kimoja kinabeba mzigo mkubwa zaidi. Uchunguzi huohuo ulimfumbua macho pia kwamba karani wake alikuwa anamwibia, ila hiyo stori ya siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba huyu alikuwa tayari tajiri, ana kiwanda, ana makarani, na bado mpaka siku ile alikuwa hajui vizuri chombo kimoja kinamla kiasi gani. Kwa hiyo na wewe usijione mjinga, ila kaa chini upige hesabu.

Ngoja niweke mfano mzima maana bila namba haya yote ni maneno.

Begi moja linakula 50, hapo nimeweka malighafi na zile ndogondogo zote. Gharama zinazokaa palepale ni 900 kwa mwezi. Halafu mimi mwenyewe nahitaji 1,500 kwa mwezi ili niishi, na hii nimeiandika kama gharama kabisa, siyo kitu cha kuokota kama kitabaki. Jumla ya mwezi ni 2,400 kabla sijagusa kitambaa. Nikiuza begi moja kwa bei ya 80, kila begi linaniachia 30, kwa hiyo ili nifikishe 2,400 nahitaji kuuza mabegi 80 kwa mwezi. Inasikika sawa eeh? Sasa angalia saa. Begi moja ni saa 2 za kukata na kushona. Mabegi 80 ni saa 160, yaani mwezi mzima wa kazi wa mtu wa kawaida umeishia kwenye cherehani, bado sijajibu ujumbe hata mmoja, sijaenda kununua kitambaa, sijafungasha, sijapeleka, sijapiga picha, sijaumwa. Kwa hiyo bei ya 80 inaniahidi kitu ambacho mikono yangu haiwezi kukitoa, na hapo sijasema lolote kuhusu kama wateja 80 wapo.

Mabegi 50 ndio naweza kwa amani, saa 100 cherehani na zinazobaki kwenye mambo mengine. Kwa 50, ile bei ya 80 inaniletea 1,500. Toa 900, nabaki na 600 badala ya 1,500 niliyohitaji. Ili mabegi 50 yalete 2,400 kila moja liniachie 48, maana yake bei ni 98.

Na sasa turudi kwa zile oda mbilimbili. Tuseme kweli zimekuja, mabegi 100, na natafuta msaidizi wa kushona nusu. Msaidizi nimlipe kwa saa kama ninavyojilipa mimi, yaani 1,500 gawa kwa saa 160, inakuja kama 9 na kitu kwa saa, begi moja 19. Kwa bei ya 80, mabegi yangu 50 yanaleta 1,500 na mabegi yake 50 yanaleta 11 kila moja, yaani 550. Jumla 2,050. Umeona hapo? Nimeuza mara mbili, nimeajiri, nyumba imejaa vitambaa, na bado sijafika 2,400! Kwa bei ya 98 hayohayo mabegi 100 yananipa 2,400 yangu kamili na juu yake 1,450 za kuweka akiba au kununua mashine ya pili au kumpa msaidizi hali nzuri. Begi ni lilelile, mikono ni ileile, tofauti ni 18 tu kwa kila begi, na hiyo 18 ndio inayoamua kama kukua ni baraka au ni adhabu.

Hapa watu huwa wananiambia lakini kuna miezi nauza mabegi 90. Sawa, na kuna miezi unauza mabegi 30. Kosa ninaloliona sana ni la kupanga bei kwa mwezi ule mzuri, mwezi ambao simu haikulala, mtu anachukua mauzo ya mwezi ule anagawa gharama zake anaona bei ya chini inatosha. Mimi nashauri upange bei kwa mwezi wa kawaida ulioelekea ubaya. Mwezi mzuri ukija, ziada yake si faida ya kula yote, ni ya kujazia ule mwezi wa 30. Ukipanga kwa mwezi mzuri basi kila mwezi wa kawaida utakuwa kwako ni msiba mdogo.

Wanaouza huduma wana mtego wao ambao naona ni mkali kuliko wetu sisi wa bidhaa, kwa sababu hawana kitambaa cha kuwakumbusha kwamba kuna gharama. Mtu anasema mimi nataka 1,150,000 kwa mwaka, nafanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki ziko 52, hizo ni saa 2,080, kwa hiyo nichaji 553 kwa saa. Wee! Kwanza hakuna mtu anafanya wiki 52, utaumwa, kutakuwa na sikukuu, kutakuwa na msiba, utapumzika, weka 46. Pili katika hizo saa 40 za wiki, zile unazoweza kumwandikia mteja kwenye ankara labda ni 25, zilizobaki unatafuta wateja, unaandika makadirio ambayo nusu yake hayajibiwi, unafuatilia madeni, unapanga mafaili, unajifunza programu mpya. Saa 25 mara wiki 46 ni saa 1,150. Bei yako ni 1,000 kwa saa, siyo 553, na hiyo bado hujaweka kompyuta, intaneti, kodi na bima. Yule wa 553 atafanya kazi mwaka mzima kwa bidii atapata kama nusu ya alichotaka halafu atasema watu hawathamini kazi yake. Watu walilipa walichoambiwa bana.

Kuna kitu kingine kidogo ila kinaumiza sana wanaonunua na kuuza. Umenunua kitu 100 ukaongeza 40 ukauza 140, unajisemea nina faida ya asilimia 40. Huna. Hiyo 40 ni asilimia 40 ya bei ya kununulia, ila ya bei ya kuuzia ni kama asilimia 28 na nusu. Si ubishi wa wahasibu huu, subiri siku unataka kufanya ofa kubwa. Unasema nitoe punguzo la asilimia 30, nitabaki na 10 yangu si mbaya, nasafisha stoku. Asilimia 30 ya 140 ni 42. Umeuza 98 kitu ulichonunua 100, na watu wamejipanga foleni wanakushukuru. Ukitaka kweli faida iwe asilimia 40 ya bei ya kuuzia, hiyo 100 igawe kwa 0.6, inakuja kama 167.

Na tukiwa hapo kwenye punguzo tukae kidogo, maana hapa ndipo wenye biashara ndogo tunapovuja. Chukua bidhaa ya 100 ambayo wewe inakugharimu 70. Mteja anasema nipunguzie 10 tu, kwani 10 ni nini. Kwake ni sehemu moja ya kumi ya bei. Kwako ni theluthi nzima ya faida, umetoka 30 umebaki na 20. Ili upate ileile uliyokuwa unapata kwa wateja 10, sasa unahitaji wateja 15. Nusu nzima zaidi! Nusu zaidi ya kufungasha, nusu zaidi ya kupeleka, nusu zaidi ya kujibu bado ipo? rangi gani? mnafika huku? Punguzo la 10 linaonekana dogo kwa sababu tunalipima kwa bei, wakati lilipaswa kupimwa kwa kile kinachobaki.

Kuna wanaosema dawa ni kupandisha bei kwanza halafu uache nafasi ya kupunguza. Najua ni kawaida sehemu nyingi na sitaki kumhukumu mtu, ila mimi siipendi na sababu yangu ni moja: anayeumia ni mteja mpole. Yule mbishi analipa 80, yule mstaarabu aliyekuamini akalipa bila kelele analipa 100, halafu siku wakikutana wakaulizana umempoteza yule yule uliyemhitaji. Na saa zenyewe. Dakika 20 za mwisho ngapi, niachie basi, si nitaleta wengine, hizo dakika nazo zina bei na hakuna anayezilipia. Aristide Boucicaut aliyekuza duka la Bon Marché kule Paris kuanzia mwaka 1852 alikuwa miongoni mwa waliofanya bei moja iliyoandikwa kuwa jambo la kawaida madukani, na ukifikiria kwa duka kubwa lile ilikuwa lazima, huwezi kumwachia kila muuzaji akapatane anavyojisikia. Kwa mtu mmoja mwenye mikono miwili naona ni lazima zaidi.

Hili la "bei njoo inboksi" sijui tulilitoa wapi. Mteja akiona hivyo anajua moja kati ya mawili, ama bei ni kubwa unaona aibu kuiandika, ama unataka kumwangalia kwanza profaili yake ndio umtajie. Iandike. Atakayeshindwa atapita kimya kimya, hakukupotezea muda.

Mteja ambaye kweli anataka na kweli hana, simfukuzi, ila sishushi bei ya kitu kilekile, nashusha kitu. Begi dogo zaidi, bila bitana, bila mfuko wa ndani, au asubiri wiki tatu badala ya moja nishone pamoja na mengine ya kitambaa hicho. Hapo bei imeshuka na gharama yangu nayo imeshuka, hakuna aliyembeba mwenzake. Ukishusha bei ya kitu kilekile kwa sababu tu kaomba, umemfundisha kwamba ile bei ya kwanza ilikuwa utani.

Ndugu na marafiki ni ngumu zaidi na sina kanuni ya ajabu. Ninachofanya naandika bei kamili kwenye risiti, chini yake naandika zawadi kiasi fulani, chini yake anacholipa. Akijua nimempa zawadi anashukuru, na akimleta rafiki yake hamwambii mabegi pale ni bei ile, anamwambia mimi nilipewa zawadi. Na zawadi zina bajeti yake kwa mwezi, ikiisha imeisha, hata kwa shangazi.

Sasa tuseme umepiga hesabu ukakuta bei yako iko chini, ama haijawahi kutosha ama ilitosha zamani. Hii ya pili watu hawaioni kwa sababu inatokea polepole. Ulianza na bei ya 100, gharama 60, ukawa unabaki na 40, raha. Gharama zikipanda asilimia 6 tu kila mwaka na wewe umeng'ang'ania bei ileile usije ukawaudhi watu, baada ya miaka 5 gharama imefika 80. Unabaki na 20. Nusu ya kipato chako imeondoka na hakuna siku hata moja ulisikia imeondoka. Na hiyo 20 yenyewe kwa bei za sasa hainunui ilichokuwa inanunua.

Kupandisha kunatisha, najua. Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, mwaka 2010 aliwaambia wachunguzi wa msukosuko wa fedha wa Marekani kwamba kitu kikubwa anachoangalia kwenye biashara ni nguvu ya kupandisha bei, na kwamba ukilazimika kufanya maombi kabla ya kupandisha asilimia 10 basi una biashara mbaya. Rahisi kusema ukiwa yeye! Sisi wengine maombi tunafanya na tunafunga juu yake. Ila ukiweka hofu kwenye namba inapungua. Bidhaa ya 100, gharama 60, unabaki na 40. Ukipandisha ikawa 110 unabaki na 50. Wateja 80 wa 50 ni 4,000, wateja 100 wa 40 ni 4,000. Maana yake mteja mmoja kati ya watano anaweza kuondoka kabisa asirudi na wewe hujapoteza chochote, umepata nafasi ya kupumua. Je, kwa nyongeza ya 10 utampoteza mmoja kati ya watano? Labda, labda siyo, inategemea unauza nini na nani mwingine anakiuza. Ila sasa unajua unaogopa kiasi gani, siyo kuogopa tu. Na nilivyoona mimi wanaoondoka kwanza ni walewale waliokuwa wanakuchosha kwa mwisho ngapi.

Namna ya kutangaza nayo ina maana yake. Tangazo liwe fupi, lenye tarehe, oda zote zilizopokelewa kabla ya tarehe zinabaki kwa bei ya zamani, basi. Usiandike aya nne za kuomba radhi na kueleza dola na mafuta na hali ya dunia, mteja akiona unajitetea sana anaanza kuhisi kuna kitu. Panda kidogo kila mwaka kuliko kukaa miaka mitano halafu unaruka asilimia 40 siku moja, hapo ndipo watu wanalia, na wana haki ya kulia. Na tafadhali usifanye ile ya kupandisha kwa kificho, uzi hafifu, zipu ya bei chee, kitambaa chepesi, bei ileile. Mteja hataongea. Atatumia begi miezi mitatu likatike mkanda, na hataongea hata hapo, atanunua kwingine tu.

Nisije nikaonekana nasema kila tatizo dawa yake ni kupandisha. Kuna wakati hesabu inakuambia 98 na soko linakuambia 70 na hakuna picha nzuri wala maneno matamu yatakayoziba hapo katikati. Hapo bidhaa ndiyo ina shida, au njia ya kuitengeneza, au watu unaowauzia. Nilikuwa na begi moja la mgongoni lenye mifuko mingi, linapendwa kweli, kila mtu analisifia, ila saa zake ni nyingi mno na hamna aliyekuwa tayari kulipia hizo saa. Niliangalia kama naweza kupunguza mifuko, kukata mengi kwa mara moja, kuwauzia watu wa safari ndefu ambao kweli wanaihitaji mifuko ile. Mwisho nililiondoa kwenye orodha. Bado wanaliulizia. Kupendwa na kulipa ni vitu viwili tofauti na biashara ndogo haina uwezo wa kubeba bidhaa nyingi za kupendwa tu, labda moja ambayo unajua kabisa kwamba inakuletea watu wanunue zingine, na iwe unajua kwa namba siyo kwa hisia.

Na ukiwa na ndoto ya siku moja kuuza kupitia maduka ya watu wengine, fikiria leo. Duka litataka sehemu yake na siyo sehemu ndogo. Kama bei yako ya rejareja haina nafasi hata ya kumpa wa katikati asilimia 30, siku duka linakupigia simu ya furaha utalazimika ama kukataa ama kuuza kwa hasara ama kupandisha ghafla kwa wateja wako wa zamani. Ni afadhali nafasi hiyo iwepo kwenye bei tangu mwanzo, na ukiuza mwenyewe moja kwa moja basi hiyo nafasi ndiyo inalipa ile kazi ya kuuza unayoifanya wewe.

Kitu cha mwisho ni madeni, kwa sababu bei nzuri isiyolipwa ni stori tu. Mteja anayelipa baada ya siku 60 hajalipa bei sawa na anayelipa leo. Kwa siku zote hizo kitambaa chake umekigharamia wewe, labda kwa mkopo wenye riba, labda kwa kuacha kununua mzigo ambao ungeuza mara mbili katika muda huo. Wenye kampuni kubwa ndio wanapenda siku 60, na wanapenda pia punguzo kwa sababu wanachukua mengi, wanataka vyote viwili kwa pamoja. Chagua kimoja cha kuwapa na ukiandike. Mimi nimechagua kuwapa punguzo kwa wingi, siku sitoi: nusu ya hela inaingia kabla sijakata kitambaa, nusu ya pili kabla mabegi hayajatoka. Anayesema leo hana nusu, naiandika oda yake na tarehe tutakayoongea tena, na kitambaa kinabaki dukani kwa wenyewe mpaka hapo.